Uungwana Bila Mshahara: Mwenendo wa Mwanachama katika Klabu ya Soka ya Ridhaa

Klabu ya michezo ya ridhaa ni chama cha watu wanaocheza bila mshahara, yaani watu ambao kipato chao hutoka kwenye kazi nyingine na ambao huingia uwanjani jioni, au mwishoni mwa juma, kwa hiari yao na mara nyingi kwa gharama zao wenyewe. Timu za mtaani zinazocheza mchangani jijini Dar es Salaam, timu za maveterani zinazokutana kwenye mabonanza, timu za idara na viwanda, pamoja na zile zinazoshindania Koth Biro, mashindano yanayochezwa Ziwani, Nairobi, tangu miaka ya 1970, zimekua katika utamaduni huo, hata pale ambapo mchezaji mmoja mmoja hupewa nauli au mshindi huondoka na mbuzi. Klabu ya kulipwa humwongoza mchezaji kwa mkataba: akichelewa mazoezini hukatwa mshahara, na akimpiga mwamuzi huweza kupoteza ajira. Klabu ya ridhaa haina nyenzo hizo, kwa sababu mchezaji aliyekasirika anaweza kuvua jezi na kwenda zake, na wiki inayofuata akaonekana katika timu ya mtaa wa pili. Kwa hiyo mwenendo mwema, ambao katika soka la kulipwa huweza kununuliwa kwa kiasi fulani, katika soka la ridhaa hauna budi kutoka kwa wanachama wenyewe, na klabu inayoukosa haichafuki jina tu bali hukosa wapinzani wa kucheza nao, hukosa waamuzi wa kuichezesha, na mwishowe husambaratika.

Uungwana michezoni ni ile hali ya mchezaji, kocha, kiongozi au mshabiki kutafuta ushindi kwa nguvu zake zote bila kuvunja sheria za mchezo kwa makusudi, bila kumdhulumu wala kumdhalilisha mshindani, na bila kuyakataa matokeo yanapokwenda kinyume na alivyotarajia. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo husahauliwa mara nyingi. Mchezaji anayecheza kwa ulegevu ili asimuudhi rafiki yake wa timu pinzani naye amekosa uungwana, kwa kuwa amemnyima rafiki huyo mchezo aliokuja kuucheza, na amewanyima wenzake wa upande wake haki ya kuyashindania matokeo. Kinachodaiwa ni ushindani wa kweli, na upole ni jambo jingine kabisa.

Wazo hili katika umbo lake la kisasa lilikuzwa Uingereza katika karne ya 19, miongoni mwa watu waliosoma shule za matajiri na waliokuwa na uwezo wa kucheza bila kujali mlo wa kesho. Mfano unaotajwa zaidi ni klabu ya Corinthian, iliyoanzishwa London mwaka 1882, ambayo kwa miaka mingi ilikataa kushindania makombe kwa kuamini kwamba mchezo unatosha kuwa tuzo. Mwaka 1891, mkwaju wa penalti ulipoingizwa katika sheria za soka kutokana na pendekezo la William McCrum, golikipa wa Ireland, baadhi ya wachezaji wa klabu hiyo waliona wametukanwa, kwa sababu sheria hiyo ilichukulia kwamba muungwana anaweza kucheza rafu kwa makusudi ili kuzuia bao. Husimuliwa kwamba wao walipopewa penalti waliipiga nje kwa hiari yao. Masimulizi hayo yanavutia, lakini yana upande wa pili usiosemwa sana. Chama cha riadha cha ridhaa kilichoundwa London mwaka 1866 kiliwafungia mlango mafundi na vibarua, yaani watu wanaokula kwa kazi ya mikono, na kizuizi hicho hakikuondolewa katika riadha ya Uingereza hadi kilipoundwa chama kipya mwaka 1880. Mmarekani Jim Thorpe, mtu wa jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, kisha akanyang'anywa kwa sababu aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Medali zilirejeshwa kwa familia yake mwaka 1983, wakati yeye alikuwa amekwisha kufariki, na mwaka 2022 ndipo alipotambuliwa kuwa mshindi pekee wa mashindano yake. Yeyote anayehubiri uungwana katika klabu ya leo hana budi kuikumbuka historia hiyo, kwa kuwa inaonyesha jinsi maadili ya michezo yanavyoweza kugeuzwa uzio wa kuwaweka nje watu wasiotakiwa.

Katika Afrika Mashariki michezo ya ridhaa ilishika njia nyingine, kwa kuwa waliocheza walikuwa hasa wale ambao kanuni za London zingewazuia: wafanyakazi wa reli na bandari na mafundi, pamoja na makarani na wachuuzi. Klabu zinazotajwa leo kwa mamilioni ya shilingi, kama Young Africans iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936, zilianza kama vyama vya wakazi wa kawaida wa jiji, na mpaka leo mfumo wao wa wanachama, matawi na mkutano mkuu unabeba alama ya asili hiyo. Hapa, basi, uungwana haukuhusu kabisa mtu mwenye nafasi anayecheza kwa ajili ya burudani. Ulihusu watu wanaofanya kazi pamoja au wanaokaa mtaa mmoja, ambao ugomvi wao wa Jumapili huamkia kwenye kituo cha daladala Jumatatu.

Mwenendo unaotarajiwa umeandikwa kwa sehemu tu. Sheria za soka, ambazo hutungwa na bodi ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1886, hutaja makosa yanayostahili kadi ya njano, miongoni mwake kupinga uamuzi kwa maneno au vitendo, kuchelewesha mpira kuanza tena, kurudia rafu mara kwa mara, na mwenendo usio wa kiungwana, ambao ni kapu kubwa linalobeba kujiangusha ili kumdanganya mwamuzi na hila nyingine za namna hiyo. Lakini yapo mambo ambayo hayamo katika sheria hata moja na ambayo hata hivyo kila mchezaji hutazamiwa kuyafuata. Linalojulikana zaidi ni desturi ya timu kuutoa mpira nje kwa makusudi mchezaji anapoumia, na timu pinzani kuurudisha kwa waliokuwa nao. Februari 1999, katika mechi ya Kombe la FA kati ya Arsenal na Sheffield United, mpira ulitolewa hivyo, mchezaji wa Arsenal akaurusha kuelekea kwa wapinzani kama desturi inavyotaka, lakini Nwankwo Kanu wa Nigeria, aliyekuwa akiichezea Arsenal kwa mara ya kwanza, akauchukua na kumpasia Marc Overmars, naye akafunga. Mwamuzi hakuwa na kifungu cha kulikataa bao hilo, na mechi ikaisha kwa mabao 2 kwa 1. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, alijitolea mechi irudiwe, ikarudiwa siku kumi baadaye, na matokeo yakawa yale yale.

Kisa hicho hukumbukwa kwa sababu ya Wenger, ilhali klabu ya ridhaa ina la kujifunza zaidi kwa Kanu, aliyekuwa na nia njema na aliyeukuta mpira bila kuelewa kilichokuwa kikiendelea. Desturi isiyoandikwa huwa na nguvu kwa aliyelelewa ndani yake tu, na klabu nyingi za mtaani hupokea mwanachama mpya kwa kumpa jezi na kumwonyesha nafasi yake uwanjani, kisha zikashangaa anapokosea jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Mgeni anapaswa kuelezwa mapema, tena kwa maneno ya wazi, jinsi klabu inavyoshughulika na mpira uliotolewa kwa ajili ya majeruhi, nani anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi, timu pinzani inapokewaje inapowasili, na nini hufanyika baada ya filimbi ya mwisho. Robo saa ya maelezo hayo kwenye siku ya kwanza ya mazoezi huzuia ugomvi ambao kamati ya nidhamu ingeumaliza kwa vikao vitatu.

Mahali ambapo mwenendo wa mwanachama hupimwa kwa ukali kuliko pengine pote ni mbele ya mwamuzi. Hapo zamani soka la Uingereza halikuwa na mtu huyo uwanjani kabisa: kila timu ilileta mwangalizi wake, na refa alikaa pembeni akingoja waangalizi hao washindwe kukubaliana, na ni mwaka uleule wa penalti, 1891, alipoingizwa ndani ya uwanja na kupewa mamlaka kamili. Leo sheria ya 5 husema kwamba uamuzi wake kuhusu mambo yaliyotokea mchezoni, ikiwa ni pamoja na kama bao limefungwa au la, ni wa mwisho. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba mchezo hauwezi kuendelea bila mtu mmoja wa kukata shauri, na haudai kabisa kwamba mtu huyo hakosei. Katika ligi kubwa ana wasaidizi wawili, mwamuzi wa akiba na, siku hizi, video; mchangani mara nyingi yuko peke yake, anakimbia kwa posho isiyofika gharama ya viatu vyake, na vibendera vya pembeni hushikwa na wachezaji wa akiba au wanachama wa timu zilezile zinazocheza.

Hali hiyo ya kibendera inastahili kutazamwa kwa makini, maana ni mtihani wa uungwana ambao soka la kulipwa halina. Mwanachama anayesimama pembeni na kibendera mkononi, akijua kwamba mshambuliaji wa timu yake ameotea kwa hatua moja na kwamba mwamuzi hakuona, anaombwa kutoa ushahidi dhidi ya timu yake mbele ya marafiki zake. Klabu isiyothubutu kusema waziwazi kwamba inamtaka ainue kibendera itakuwa imemfundisha kusema uongo, na timu pinzani, ambayo nayo imetoa mshika kibendera wake upande wa pili, italipa kwa sarafu hiyohiyo kabla ya mapumziko. Mtihani wa namna hiyo uliwahi kutokea hata nje ya soka. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, kaskazini mwa Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda medali ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka huo, alisimama mita chache kabla ya mstari akidhani amekwisha kumaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma yake hakumpita, bali alimwashiria kwa mikono aendelee mpaka akashinda. Dunia ilimsifu, lakini kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa zamani wa dunia wa marathoni, alisema hadharani kwamba yeye angeitumia nafasi hiyo. Tofauti hiyo kati ya mwanariadha na kocha wake ina maana kubwa kwa viongozi wa klabu, kwa sababu mchezaji anayetaka kuwa mkweli anahitaji kujua kabla ya tukio kama benchi litamuunga mkono au litamkaripia.

Kosa la kawaida zaidi dhidi ya mwamuzi ni kumzonga, yaani wachezaji watano au sita kumzunguka wakipiga kelele na kunyoosha vidole kila anapopuliza filimbi. Kadi ya njano peke yake imeonekana kutotosha kulizuia, kwa kuwa mchezaji wa ridhaa aliyeonyeshwa kadi hiyo kwa ajili ya maneno huendelea kucheza na timu yake haipungukiwi chochote. Chama cha soka cha England kilijaribu njia nyingine katika ngazi za chini, ambapo anayempinga mwamuzi hutolewa nje kwa dakika 10 katika mechi ya dakika 90, kisha hurudi. Katika majaribio yaliyohusisha ligi 31, chama hicho kilieleza kwamba vitendo vya kumpinga mwamuzi vilipungua kwa asilimia 38, na kuanzia msimu wa 2019/20 utaratibu huo ukaenezwa katika soka lote la ngazi hizo. Sheria za kimataifa zinaruhusu adhabu hiyo kwa soka la vijana, la maveterani, la watu wenye ulemavu na la mitaani, ilimradi chama cha taifa kiidhinishe, kwa hiyo si anasa ya Ulaya peke yake. Kuna pia utaratibu uliotumika katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024, wa nahodha peke yake kumwendea mwamuzi kuomba maelezo, na huu hauhitaji idhini ya mtu yeyote: klabu inaweza kuamua kesho kwamba wachezaji wake wengine wote watakaa mbali, na kocha akamtoa nje anayekiuka bila kungoja kadi. Makocha na viongozi nao hawana kinga, kwa sababu tangu mwaka 2019 sheria humruhusu mwamuzi kuwaonyesha kadi walioko kwenye benchi la ufundi.

Baada ya mwamuzi ni mpinzani, na hapa tofauti kati ya soka la ridhaa na lile la kulipwa huonekana mwilini. Sheria hugawanya rafu kwa daraja tatu: ile ya uzembe, ambapo mchezaji hakuwa mwangalifu na anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu, ile ya kutojali, ambapo mchezaji amepuuza hatari anayomletea mwenzake, na adhabu yake ni kadi ya njano, na ile ya nguvu kupita kiasi, inayohatarisha usalama wa mpinzani, ambayo hulipiwa kwa kadi nyekundu. Mgawanyo huo ni mmoja kwa viwanja vyote duniani, lakini madhara hayafanani. Mchezaji wa kulipwa anayevunjika mguu hutibiwa na klabu, tena huendelea kulipwa kwa mujibu wa mkataba wake. Dereva wa bodaboda anayevunjika mguu kwenye bonanza huacha pikipiki imesimama, fundi cherehani wa timu ya wanawake aliyeteguka kifundo hawezi kukanyaga pedali, na mwashi mwenye bega lililochomoka hapandi jukwaa la ujenzi. Familia zao hulipa deni la rafu ambayo pengine ilichezwa timu ikiwa imekwisha kufungwa mabao manne. Kwa hiyo mwanachama wa klabu ya ridhaa anadaiwa uangalifu mkubwa kuliko mchezaji wa runingani, ingawa ustadi wake ni mdogo zaidi, na anayeiga kuufuata mpira kwa kuteleza chini kama alivyoona kwenye ligi za Ulaya huku uwanja ukiwa wa changarawe anafanya jambo la hatari kuliko anavyodhani. Klabu yenye heshima huwa na mkoba wa huduma ya kwanza, huwa imepanga usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini, na hutuma watu kumjulia hali majeruhi wa timu pinzani sawa na wa timu yake.

Maneno nayo yana mipaka, na mpaka huo katika jamii za Afrika Mashariki hauko mahali pamoja na kwingineko, kwa sababu ya utani. Mashabiki wa Simba na Young Africans huitwa watani wa jadi, na mtani ana ruhusa ya kusema maneno ambayo yangekuwa matusi yakisemwa na mtu mwingine. Ruhusa hiyo, hata hivyo, hutegemea masharti mawili: pande zote mbili zimeikubali, na kila upande unaweza kujibu. Kumkejeli mpinzani kwa kabila lake, dini yake, ulemavu wake au rangi yake hakutimizi masharti hayo, wala kumzomea kijana wa miaka 15 aliyekosa penalti, kwa kuwa hana la kujibu. Sheria za soka huyaweka maneno ya matusi na udhalilishaji katika fungu la kadi nyekundu moja kwa moja, na mwanachama anayejitetea kwamba alikuwa akitania aulizwe kama aliyetaniwa alicheka.

Kuhusu kupoteza muda hapahitajiki maneno mengi. Sheria mpya iliyoanza na msimu wa 2025/26 humpa golikipa sekunde 8 tu za kukaa na mpira mikononi, na akizidisha timu pinzani hupewa mpira wa kona. Atakayeendelea kulala chini na mpira atajifunza haraka.

Uwanja huchukua saa moja na nusu kwa wiki, na mwenendo mwingine wote wa mwanachama huonekana nje ya saa hizo. Klabu ya ridhaa huendeshwa kwa ada na michango, na anayecheza kila wiki bila kulipa, huku wenzake wakinunua mipira na kulipia maji na posho ya mwamuzi, anachezea mifuko ya wenzake hata kama ndiye mfungaji bora. Anayejua hatafika anapaswa kutoa taarifa mapema, kwa kuwa timu inayofika na watu pungufu ya saba inaweza kunyimwa pointi zote. Kazi ngumu kuliko hizo ni kukaa benchi. Katika klabu ambayo kila mtu analipa ada sawa, mchezaji wa akiba ana haki ya kuuliza kwa nini hapangwi, na kocha ana wajibu wa kumjibu kwa ukweli. Lakini haki hiyo hutumika siku ya mazoezi, uso kwa uso, na kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku baada ya kufungwa ni kuivuruga timu nzima. Kwa upande wake klabu haina budi kusema bayana kama ipo kwa ajili ya kushinda au kwa ajili ya kila mwanachama kucheza, maana zote mbili ni nia halali, na ugomvi mwingi wa benchi huzaliwa pale ambapo wanachama waliahidiwa la pili wakati wa kulipa ada, kisha wakaonyeshwa la kwanza siku ya mechi.

Viongozi wana majaribu yao. La kwanza ni mamluki, jina linalotumika kwa mchezaji asiyestahili anayeingizwa kwa siri, kama vile mtu wa ligi ya juu anayepewa leseni ya jina jingine ili kuibeba timu ya mtaa au ya idara kwenye fainali. Aghalabu timu iliyofungwa hukata rufaa na kupewa ushindi wa mezani, yaani pointi na mabao yanayotolewa na kamati badala ya uwanja, na hapo huwa hakuna aliyecheza kwa faida: mshindi hana furaha ya bao, na wachezaji halali wa timu iliyodanganya, waliokaa benchi kumpisha mamluki, wamepoteza nafasi yao na kombe kwa pamoja. Jaribu la pili ni kutia mpira kwapani, yaani kugomea mechi katikati kwa sababu ya uamuzi mmoja. Kiongozi anayewaita wachezaji wake watoke uwanjani hudhani anatetea haki, lakini anawadhulumu wapinzani, watazamaji na wachezaji wake mwenyewe, ambao wangeweza kuendelea kucheza huku malalamiko yakiandikwa na kupelekwa panapohusika. Nchini Tanzania klabu husajiliwa kwa msajili wa vyama na vilabu vya michezo chini ya sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, na nchini Kenya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka msajili pamoja na chombo maalumu cha kusuluhisha mizozo. Timu isiyosajiliwa na isiyo na katiba hujinyima njia hizo zote, kisha hulalamika kwamba haisikilizwi.

Klabu nyingi za mtaani hulea watoto pia, na hapa kinga lazima iwe kali. Kocha wa watoto ana uwezo mkubwa juu yao, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga kikosi na anayeahidi safari, na uwezo huo unaweza kutumiwa vibaya. Hakuna mtu mzima anayepaswa kubaki peke yake na mtoto katika chumba cha kubadilishia nguo, kumsafirisha bila mzazi kujua, au kumtumia ujumbe wa siri. Na tuhuma ya udhalilishaji haipaswi kumalizwa kwa kikao cha wazee wa timu ili kulinda jina la klabu, bali hupelekwa kwa vyombo vya dola siku hiyohiyo. Mzazi naye aliye kando ya uwanja ni sehemu ya klabu, na anayemfokea mwamuzi wa miaka 17 anayejifunza kazi anastahili kuombwa aondoke kama mshabiki mwingine yeyote.

Kanuni za mwenendo zisizo na utaratibu wa kuzisimamia hugeuka silaha ya walio wengi dhidi ya asiyependwa. Kamati ya nidhamu inapaswa kumpa mtuhumiwa maelezo ya kosa lake kwa maandishi, kumpa muda wa kujitetea, na kumweka kando mjumbe yeyote aliye ndugu au adui wa mhusika, kwa sababu hakuna anayepaswa kuwa hakimu katika shauri linalomgusa mwenyewe. Adhabu hupanda kwa ngazi, kuanzia onyo la mdomo, onyo la maandishi, kusimamishwa kwa mechi kadhaa, hadi kufukuzwa, ambako ni vyema kukaachiwa mkutano mkuu. Faini, ingawa hupendwa na waweka hazina, ni adhabu dhaifu katika klabu yenye wanachama wa vipato tofauti, maana mwenye duka huinunua haki ya kutukana kwa shilingi ambazo kibarua hana. Adhabu ya kazi hufaa zaidi: aliyemzonga mwamuzi apewe filimbi achezeshe mechi tatu za mazoezi, na aliyechelewa apige chokaa mistari ya uwanja kabla ya wenzake kufika.

Mtihani wa utaratibu wote huja pale ambapo mkosaji ni mfungaji tegemeo na fainali iko wiki moja mbele. Kamati inayoahirisha kikao chake hadi baada ya fainali imekwisha kutoa hukumu, na wanachama wote wameisikia. Inayokaa kwa wakati na kumsimamisha kwa mechi mbili itashutumiwa, pengine itapoteza kombe, na itabidi ivumilie maneno ya mashabiki kwa msimu mzima. Mchezaji mwenyewe anaweza kuhama. Akibaki, adhabu ikiisha hurejea mazoezini kwa masharti yale yale ya wengine, bila kudaiwa radhi ya pili na bila kukumbushwa kosa lake kila anapopoteza mpira, na nafasi yake kikosini, ikiwa mwenzake ameishika vizuri katika mechi hizo mbili, haina sababu ya kumsubiri.